Usifute Vilivyo Nyuma ya Tomi

Poli, 9 Februari 2024

Mwanangu Brenda,

Amani ya Bwana iwe nawe hapo Sokon I, wewe na mashine yako. Sisi huku ni wazima. Nikisema sisi, ni mimi, ng'ombe wawili, na kuku waliobaki. Jua limekausha majani ya migomba lakini kahawa imevumilia. Mchungaji aliniuliza kama mjini bado unasali. Nikamjibu unasali. Usinifanye mwongo.

Nakuandikia kwa sababu nikiongea kwenye hiki kitochi changu, mama Soila wa jirani anasikia yote na kunijibu akiwa kwake. Anaeli wa maziwa anashuka mjini kila siku, atakufikishia.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu Krismasi tumeibiwa kuku mara mbili, na juzi mkungu wa ndizi umekatwa mchana kweupe. Wezi wameshajua hakuna mbwa. Nataka ubao wa getini ulioandikwa MBWA MKALI, na juu ya maandishi ichongwe picha ya Tomi, kama ulivyomchonga yule paka wa daktari. Siku uliponionyesha ubao wa paka nilisema ni kuharibu umeme. Nimefikiri tena. Mwizi akisoma maneno tu atadhani tunamtania, lakini akiiona ile sura atakumbuka alivyoraruliwa suruali.

Picha nimeiweka humu ndani. Sina nyingine. Mtu aliyekuwa amesimama pembeni nimemkata kwa mkasi, hahitajiki getini.

Mimi shangazi yako,
Tabea


Sokon I, 20 Februari 2024

Shangazi Tabea, shikamoo.

Barua imefika, na Anaeli ameniletea na lita moja ya maziwa ambayo hakusema imetoka kwa nani. Nashukuru, nadhani ni kwako. Sisi hatujambo. Baba anakusalimu sana, presha yake imeshuka na ameanza tena kubishana na majirani. Kusali nasali, ila Jumapili iliyopita nilikuwa na oda ya vyeti vya mahafali.

Kuhusu picha: nimeiskani, nimeitazama, na kwa heshima zote Shangazi, haifai. Mashine ya leza haina wino. Inachoma mbao. Palipo peusi kwenye picha inachoma, palipo peupe inaruka. Sasa Tomi ni mweusi kuanzia pua mpaka mkia, na alipigwa picha saa sita ya jua kali, kwa hiyo mwili wote umekuwa doa moja. Nilijaribu kwenye kipande cha mbao chakavu. Alitoka kama chapati iliyosahaulika jikoni, yenye sikio. Nasema sikio moja kwa sababu mkasi wako ulipomkata yule mtu, ulichukua na sikio la kushoto.

Mbwa mweusi anahitaji picha mpya. Apigwe kivulini, au asubuhi ya mawingu, mpigaji apige magoti ili kamera iwe sawa na macho ya mbwa. Manyoya yapigwe brashi. Kila jicho liwe na nukta ya mwanga, bila hiyo atatoka kama amekufa. Baada ya hapo kwenye kompyuta nafuta vitu vyote vilivyo nyuma yake, naigeuza picha iwe ya kijivu, naupunguza weusi mpaka manyoya yaonekane moja moja, ndipo nachonga. Ni kazi ya utulivu.

Kwa hiyo lazima nimfuate Tomi mwenyewe. Baba ameniambia yuko Makumira na Mjomba Sifaeli, ambaye amepanga chumba nyuma ya duka la mbegu. Anasema ilianzia kwenye ibada ya jumuiya iliyokuwa kwenu mwezi wa kumi na moja, Tomi alipoingia jikoni akamaliza nyama ya wageni, nawe ukamwambia mumeo mbele ya watu wote kwamba nyumba ina nafasi ya mmoja, wewe au mbwa. Mjomba akachukua kamba na mbwa, akashuka. Mimi siulizi kitu. Naomba ruhusa tu ya kwenda kupiga picha.

Mwanao,
Brenda


Poli, 8 Machi 2024

Brenda, marahaba.

Barua yako imekaa kwenye koti la Anaeli mpaka koti lilipofuliwa. Imesomeka, ila mahali pa presha ya kaka yangu pamefutika kidogo. Kwa mtu mwenye presha, Gerson anaongea sana.

Hakuna mahali niliposema nafasi ya mmoja. Nilisema, "Achague." Hakuna aliyemlazimisha achague haraka namna ile. Mzee wa kanisa Naftali alikuwa hata hajafunga sala.

Ruhusa umepata. Nenda. Nisafishie picha za karatasi, siyo za simu, nizione kabla hujazigusa. Angalia kama mbwa amekonda. Angalia anakula nini na nani anampikia. Mwaka jana masika yalipoanza alikohoa wiki mbili, angalia kama anakohoa.

Mvua imenyesha juzi, ya kwanza. Nimepanda maharage peke yangu na mgongo unanikumbusha.

Tabea


Sokon I, 25 Machi 2024

Shikamoo Shangazi. Pole na mgongo. Baba anasema hakusema neno lolote, na kwamba alilosema ni kweli.

Nilikwenda Makumira Jumamosi asubuhi, mawingu yalikuwa mazuri. Mjomba alinipokea akiwa amevaa shati la kanisani, lile jeupe, amefunga mpaka kifungo cha juu. Nilimweleza kwamba picha ni ya mbwa peke yake. Akasema anaelewa, na shati hakulibadilisha. Tomi alikuwa ameogeshwa mpaka ananuka sabuni ya kufulia. Mjomba alisimama nyuma yangu, Tomi akamkazia macho yeye, kwa hiyo macho yametoka vizuri sana.

Majibu ya maswali yako: Tomi hajakonda. Anakula dagaa na ugali. Hakohoi. Anayekohoa ni Mjomba.

Habari zako hakuuliza. Aliuliza kama yule ng'ombe mwekundu amezaa. Nikasema sijui. Akasema si lazima, alikuwa anauliza tu.

Nakutumia picha tatu ambazo sijazigusa, chagua yenye masikio uliyoyazoea. Vitu vya nyuma usivijali, yaani kile chumba, kamba ya nguo, jiko na takataka nyingine. Hivyo nitavifuta vyote.

Brenda


Poli, 14 Aprili 2024

Brenda, usifute kitu.

Kwanza salamu, nimesahau salamu. Hatujambo. Mvua ni nyingi, barabara ya juu imekuwa uji, na ndiyo maana Anaeli amechelewa. Sasa nirudi kwenye jambo.

Nimeazima miwani ya mama Soila na nimezitazama hizo picha kwa siku kadhaa. Mbwa ni mbwa, ninamfahamu. Nyuma yake ndiko kwenye kazi. Jiko la mkaa liko ndani, karibu na kitanda. Anataka afe usingizini halafu waje kuniambia mimi? Sufuria ni moja na haina mfuniko. Shati kwenye kamba limeanikwa kola ikiwa haijafuliwa, limeloweshwa tu na kutundikwa. Na hicho kitambaa cha bluu anachokalia Tomi ni kitenge changu. Nilimwambia mama Soila kwamba amekiiba kwenye ua, na tangu siku hiyo haji jumuiya nikiwepo. Miwani yake amenipa kupitia dirishani.

Kwenye picha, dirishani pa hicho chumba naona vikombe viwili. Cha pili ni cha nani? Ulizia, lakini uliza kama mtu anayeuliza habari za mbwa.

Hizo picha ni mbaya. Tomi ameinamisha kichwa. Rudi ukapige nyingine, na simama mbali zaidi, ili upande wa mlangoni nao uingie.

Ng'ombe mwekundu amezaa. Jike, lina baka jeupe usoni. Ukimwona mbwa mwambie.

Tabea


Sokon I, 19 Mei 2024

Shikamoo Shangazi. Samahani kwa kukawia. Umeme ulikuwa unakatika, na nilikuwa na oda ya ngao za mashindano ya kwaya ambayo sikuweza kuiahirisha. Nyumbani ni wazima.

Nimerudi Makumira. Kikombe cha pili ni cha mswaki. Nilianza kuuliza kwa mbali kama ulivyoagiza, nikasema Tomi anakunywa maji kwenye nini, na kabla sijamaliza Mjomba alikuwa amekishika kikombe na kunionyesha mswaki. Kisha akanionyesha mswaki ni mmoja. Habari ya jiko nilimpa nilipokuwa nafunga kamera kwenye stendi yake, na nilipoinua kichwa jiko lilikuwa nje.

Ndipo aliponiuliza, "Binti yangu, nyuma ya mbwa kukae nini?" Nikamwambia ukuta mtupu ndiyo bora, unanipunguzia kazi. Akasema hapana. Akaleta stuli, akaweka juu yake Biblia, kitabu cha nyimbo na chupa ya dawa ya kikohozi, karatasi ya chupa ikitazama kamera. Akaegemeza jembe ambalo limesuguliwa mpaka linang'aa. Shati kwenye kamba lilikuwa limegeuzwa ili kola ionekane. Tomi akakaa katikati kama anauza duka. Nilimkumbusha Mjomba kwamba vyote hivyo vitafutwa. Akasema anajua.

Shangazi, mimi ni mchongaji. Nimeketi na sikio moja la Tomi mchana kutwa, nikitenganisha manyoya, na katika watu wote wa familia hii ni mimi peke yangu ninayejali huyu mbwa anafananaje. Nyie wawili mnatumiana barua kupitia nyuma yake. Sisemi ni vibaya, nasema mngeniambia mapema.

Nilimpa habari ya ndama. Aligeukia ukutani. Alipogeuka alisema chumba kina vumbi, na chumba kilikuwa kimedekiwa. Nikamuuliza, kwa nini usipande tu nyumbani? Akasema, "Nilitolewa mbele ya watu. Nikirudi mwenyewe nitakuwa kama kuku aliyepotea. Mke akiondoka anafuatwa. Mimi nani atanifuata?" Nikafunga kamera.

Picha ziko humu. Sijafuta kitu.

Brenda


Poli, 2 Juni 2024

Mwanangu,

Baridi imeshuka kutoka mlimani na ukungu hautoki mpaka saa nne. Nimefunga ndama jikoni karibu na moto. Salimia wote, mwambie Gerson avae soksi.

Dawa ya kikohozi nimeiona. Chupa imejaa mpaka shingoni. Ameiweka nione kwamba ananunua dawa, siyo kwamba anakunywa. Mwambie nimeona.

Hilo swali lako la nani atamfuata, nilishalipeleka kwa Mzee Naftali kabla hujaniandikia, bila kutaja mtu. Nilimwambia kuna mama mmoja huku Poli. Akasema, "Ndiyo, Tabea, endelea." Tukaligeuza kila upande. Mke akikasirika anakwenda kwao, mume anawachukua wazee wawili watatu anamfuata, watu wanakaa, soda zinafunguliwa, maneno yanasemwa, mke anarudi. Hilo kila mtu analijua. Lakini mume akiondoka, anakwenda kwao wapi? Kihamba hiki, shamba la ukoo tunaloishi, ni cha baba yake. Kwao ni hapa. Ametoka kwao, amekwenda kwa watu, na mimi niliyekuja kuolewa ndiye nimebaki kwao. Naftali alisema hajawahi kuona utaratibu wa namna hiyo, na akaomba muda wa kufikiri. Bado anafikiri. Nikishuka mwenyewe kumwita, wanajumuiya wote waliokuwepo siku ile watasema nimekwenda kuomba. Sitaomba.

Lakini nimechoka, Brenda. Ninakuambia wewe kwa kuwa umeshajionea. Nyumba imekuwa kubwa. Napika loshoro ya watu wawili, kwa sababu mkono haujui kupima ya mtu mmoja, na inayobaki wanapewa kuku. Jioni nasikia mtu anajikwaa kwenye lile jiwe la mlangoni, natoka, hakuna mtu. Ninamtaka arudi. Nilidhani hasira ingekaa muda mrefu kuliko hivi.

Picha hizi nazo hazifai. Rudi tena.

Tabea


Sokon I, 23 Juni 2024

Shangazi yangu, shikamoo, na pole sana. Barua yako nimeisoma dukani na mteja akaniuliza kama nimefiwa.

Nimekwenda mara ya tatu. Nilimwambia Mjomba kwamba chupa imeonekana. Aliifungua pale pale akanywa vijiko viwili, akakunja uso, akauliza kama kamera imepata. Kikohozi kimepungua, ila amekonda yeye. Sikumwambia yale mengine uliyoniandikia. Ni yako kusema.

Picha safari hii ni moja tu. Nilimkuta ameshaandaa kila kitu. Ukuta mtupu, kama nilivyoomba tangu mwanzo, hakuna stuli, hakuna jembe, kamba ya nguo haina nguo. Katikati ya chumba kuna godoro lililoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya Tomi, na Tomi ameketi juu yake. Nilimuuliza utalala juu ya nini? Akasema atalifungua usiku na kulifunga asubuhi, hajui barua itafika lini.

Sura ya mbwa humo imetoka vizuri kuliko zote. Nukta ziko kwenye macho yote mawili. Nimeshindwa kuvumilia, nimeimaliza na kuichonga kwenye ubao wa mkangazi. Manyoya ya kifuani unaweza kuyahesabu. Ni kazi nzuri kuliko ya paka, na ninaisema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine atakayeiangalia. Nyuma yake nimefuta. Kwako natumia ile ambayo haijafutwa.

Brenda


Poli, 14 Julai 2024

Brenda mwanangu,

Huku tunaendelea salama. Kahawa imeanza kuiva miti ya chini. Ndama anakula majani. Mama Soila amekuja jumuiya na kitenge changu kiunoni, nimempa.

Nilipopata ile picha ya godoro nilikwenda kwa Naftali siku hiyo hiyo nikamwambia, mzee, acha kufikiri. Utaratibu wa kumfuata mume haupo, tumekubaliana. Lakini mbwa ni wa nyumba. Alizaliwa huku, alilelewa huku, na mtu akiwa na mbwa wako una haki ya kwenda kumchukua, na kwenda na mashahidi. Naftali akaenda kuchukua koti.

Tulishuka Jumamosi. Naftali, baba yako aliyepanda gari toka mjini na soksi zake, mimi, na mama Soila ambaye hakualikwa. Tulichukua kreti ya soda. Tulikaa hapo nyuma ya duka la mbegu kwenye mabenchi, mwenye duka akafunga ili asikilize. Mjomba wako alitoka na lile shati jeupe akasalimia watu wote, na mimi akanisalimia wa mwisho, polepole.

Naftali aliomba, kisha akasimama akasema, "Tumekuja kumfuata mbwa wa nyumba ya Tabea." Hakucheka mtu. Akaeleza kwamba mbwa aliondoka baada ya maneno makali, kwamba maneno yalisemwa mbele ya watu, na kwamba leo mbele ya watu tunataka kujua kama mwenye nyumba anamtaka arudi. Wote wakanitazama. Nilikuwa nimeandaa mengi, tangu barabarani nilikuwa nayapanga. Nikasema, "Nyama ni nyama. Arudi. Nimechoka kukaa peke yangu." Mama Soila alisikia vizuri kabisa, na sikujali.

Naftali akamgeukia mjomba wako, akamuuliza kama ana neno lolote la kupinga. Akasema hana. Alitaka tu wazee waelewe kwamba Tomi hajazoea kupanda mlima bila yeye. Gerson akasema hilo nalo lingekuwa kumtesa mnyama. Wazee wakakubali kwamba mnyama asiteswe. Tukanywa soda.

Tulipanda jioni ile ile. Naftali alikwenda mbele na kamba, Tomi akimvuta. Mimi nilibeba sufuria. Tulipofika kwenye kahawa yetu ya kwanza, mjomba wako, godoro begani, akasimama, akashika tawi, akasema haijapogolewa. Nikamwambia nilikuwa na mikono miwili tu. Akasema ameona.

Ubao wako ni mzuri, sina shaka, lakini tundika hapo dukani watu waone unavyoweza. Mimi sasa ninaye mwenyewe, na anabweka.

Tulipofika wazee waliaga. Nilikoka moto, nikapakua. Alikula, akaomba tena, nikampa. Kisha akasimama mlangoni pa chumba akiwa amekumbatia lile godoro, hajui alitandike wapi, mtu mzima na mvi zake. Nikamwambia, "Sifaeli, hilo mpe mbwa. Wewe ingia."

Shangazi yako,
Tabea